Pigo la Kumi na Tano

Historia ina mizani mbili. Kwa mizani ya kwanza hupima matokeo: nani alishinda, nani alishindwa, na taji lilivikwa kichwa gani. Kwa mizani ya pili hupima kumbukumbu: ni tendo gani lililobaki vinywani mwa watu baada ya taji kuota kutu. Aghalabu mizani hizi hukubaliana, na mshindi wa siku huwa ndiye shujaa wa miaka. Lakini mara nyingine hupingana, na hapo mtafutaji wa historia hupata jambo la kufikiri. Upinzani wa namna hiyo ulitokea mjini Pomona, katika jimbo la California, Marekani, tarehe 1 Agosti 2004, katika mashindano ya michezo ya video. Mtu aliyetwaa ubingwa siku ile hukumbukwa na wachache. Mtu aliyeshika nafasi ya pili hukumbukwa na mamilioni, kwa ajili ya tendo lililokwisha katika sekunde chache.

Mashindano ya michezo hii si machanga kama wengi wadhanivyo. Tarehe 19 Oktoba 1972 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walishindana katika mchezo ulioitwa Spacewar!, na zawadi iliyotolewa ilikuwa kupelekewa gazeti la Rolling Stone kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka 1980 kampuni ya Atari iliandaa mashindano ya Space Invaders yaliyovuta watu zaidi ya 10,000. Walakini katika Space Invaders mtu alipigana na mashine, na ushindi wake ulihesabiwa kwa alama. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1991, wakati kampuni ya Capcom ya Ujapani ilipotoa Street Fighter II. Hapo watu wawili walisimama bega kwa bega mbele ya kioo kimoja, kila mmoja akimwongoza mpiganaji wake kwa wenzo na vibonyezo. Mpinzani sasa alikuwa binadamu, mwenye akili, hila na hofu. Majumba ya michezo ya mijini yakawa nyanja za kupimana ubingwa, na mwaka 1996 wapenzi wa mchezo huo walikusanyika Sunnyvale, California, katika mashindano yaliyoitwa Battle by the Bay. Mwaka 2002 mashindano hayo yalipewa jina la Evolution, au Evo kwa kifupi.

Mchezo uliochezwa Pomona katika saa inayosimuliwa hapa ni Street Fighter III: 3rd Strike, uliotolewa mwaka 1999. Ili tendo lenyewe lieleweke, sharti sheria tatu zifahamike. Kwanza, kila mpiganaji ana mstari wa uhai juu ya kioo. Kila pigo huupunguza, na ukiisha raundi imekwisha. Muda nao una kikomo, na ukimalizika kabla ya uhai kumalizika, ushindi ni wa yule aliyebakiwa na uhai mwingi. Pili, mchezaji hujikinga kwa kuvuta wenzo nyuma; lakini kinga hii si kamili, kwa maana mapigo makubwa humega uhai kidogo hata kwa mtu aliyejikinga. Tatu, kuna kupangua. Mchezaji husukuma wenzo mbele, kumwelekea adui, katika nukta ile ile ambayo pigo linafika. Akipatia, hapotezi chochote. Akikosea, amekutwa bila kinga na pigo lote ni lake. Nukta hiyo ni sehemu ndogo ya sekunde moja, nayo sekunde moja ya mchezo huu ina picha 60. Kwa hiyo kujikinga ni njia ya mtu mwenye akiba, na kupangua ni njia ya mtu aliye tayari kuweka akiba yake yote rehani.

Watu wawili waliokutana walikuwa kama mfano wa njia hizo mbili. Daigo Umehara, aliyezaliwa mwaka 1981 katika mkoa wa Aomori, Ujapani, alisifiwa kwa mashambulizi yake. Justin Wong, aliyezaliwa mwaka 1985, alikuwa kijana wa New York aliyekulia katika ushindani wa jumba la michezo la Chinatown Fair. Sifa yake ilikuwa subira: alimwacha adui ajichoshe, kisha akamwadhibu kwa kila kosa. Kwa kanuni za Evo mtu hutolewa baada ya kushindwa mara mbili, na wote wawili walikuwa wamekwisha kushindwa mara moja. Atakayeshinda angekwenda fainali. Atakayeshindwa angekwenda zake.

Umehara alimwongoza mpiganaji aitwaye Ken, na Wong alimwongoza Chun-Li. Raundi ilifika mahali ambapo uhai wa Ken ulibaki kama uzi mwembamba. Pigo lolote lingemmaliza, na hata kujikinga dhidi ya pigo kubwa kungemmaliza pia. Chun-Li alikuwa na uhai wa kutosha, na muda ulikuwa upande wake. Ndipo Wong alipofyatua silaha yake kuu, mfululizo wa mateke 15 yafuatanayo kwa kasi kama mvua ya mawe juu ya bati. Umehara alisukuma wenzo mbele. Alipangua teke la kwanza, la pili, la tatu. Watazamaji walipofahamu kinachotendeka walianza kupiga kelele, na kelele zilipanda kwa kila teke lililopanguliwa. Kabla ya teke la kumi na tano Ken aliruka, akalipangua angani, akashuka na teke lake mwenyewe, kisha akaunganisha mapigo mpaka Chun-Li akaanguka. Ukumbi ukageuka bahari iliyochafuka.

Wako wasemao kwamba ile ilikuwa bahati. Bahati huweza kumpa mtu pigo moja; haimpi mapigo 15 kwa mpango. Mateke ya Chun-Li hayabadiliki mwendo wake: yana mdundo kama wa ngoma, na mdundo unaweza kukaririwa. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini mazoezi peke yake hayakutosha. Teke la kwanza halikupa nafasi ya kuona kisha kutenda. Aliyetaka kulipangua alipaswa kubashiri saa ya kuja kwake. Umehara alilingoja, akasoma nia ya mwenziwe, akasogeza mkono karibu wakati mmoja naye. Lililoonekana kama muujiza wa nukta moja lilikuwa mavuno ya miaka, na nukta hiyo ilikuwa mlango tu ambao miaka hiyo ilipitia.

Haki inadai kwamba Wong naye asemewe neno. Katika simulizi nyingi anatajwa kama mtu aliyefanya pupa, maana angaliweza kungoja muda umalizike. Lawama hii ni nyepesi. Alikuwa na adui ambaye hakuweza tena kujikinga, na silaha ambayo njia ya kuiepuka ilikuwa nyembamba kuliko upanga. Hesabu yake ilikuwa ya mtu mwenye busara. Kilichomshinda kilikuwa nje ya hesabu. Tena, tendo la Umehara lisingalikuwapo bila mkono wa Wong. Mateke 15 yaliyopanguliwa yalikuwa mateke ya bingwa, na ukuu wa ngao hujulikana kwa ukali wa mkuki.

Baada ya ushindi huo Umehara aliingia fainali, akashindwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata. Kwa mizani ya matokeo, siku ile ni ya Obata, na hakuna awezaye kumnyang'anya. Lakini picha za video zilizoenea duniani kwa njia ya intaneti hazikuwa za fainali. Zilikuwa za mateke 15, chini ya jina la "Evo Moment 37". Namba hiyo ilichaguliwa bila hesabu yoyote, kana kwamba yalikuwapo matukio mengine 36 ya kusisimua kabla yake. Mwaka 2011 Capcom ilipoutoa upya mchezo huo, iliweka ndani yake zoezi la kurudia upanguaji ule, ili kila mtu ajipime. Umehara mwenyewe aliacha mashindano kwa kitambo, akafanya kazi ya kutunza wazee, kisha akarudi. Katika fainali ya Street Fighter IV ya Evo ya mwaka 2009 aliyesimama mbele yake alikuwa Justin Wong, na Umehara alishinda tena. Safari hii taji lilikuwa lake. Hata hivyo wengi wakilitaja jina lake, hutaja kwanza siku ambayo hakulipata.

Kwa nini kumbukumbu ikachagua hivi? Taji humwambia mtazamaji kwamba fulani alikuwa bora kuliko wengine, na habari hiyo huzeeka mara bingwa mwingine apatikanapo. Tendo la Pomona lilimwambia jambo lisilozeeka: kwamba mtu aliyefikishwa ukingoni, ambaye kurudi nyuma ni kufa, anaweza kupata wokovu wake kwa kusonga mbele kulielekea pigo lenyewe, ikiwa mkono wake umefunzwa na moyo wake umetulia. Wenye kuandika orodha za mabingwa watamwandika Obata, nao watakuwa wamesema kweli. Wenye kusimulia watasimulia pigo la kumi na tano, nao pia watakuwa wamesema kweli. Historia iliyo kamili huziweka kweli hizo mbili katika ukurasa mmoja.