Dirisha la Nyuma la Landrova

Neno dirisha tulilipata kwa Waajemi, ambalo katika lugha yao humaanisha mlango mdogo, na mtu aliyewahi kulala katika nyumba ya mawe ya Unguja wakati wa joto la kaskazi hahitaji kuelezwa kwa nini watu wa pwani walilipokea neno hilo kwa moyo mkunjufu pamoja na kitu chenyewe. Maana chumba chenye tundu upande mmoja tu huulaki upepo mlangoni kisha huukatalia njia, bali chenye matundu pande mbili huupitisha, na mwenye nyumba akapata usingizi. Nimeanza na nyumba kwa sababu habari ninayokusudia kuisimulia, ijapokuwa ni habari ya gari, haitofautiani na hiyo: ni habari ya chumba cha bati chenye magurudumu manne, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na madirisha mbele na kipofu nyuma, na ya mafundi wa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam waliokitoboa ubavu.

Landrova ilizaliwa katika dhiki. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, chuma nchini Uingereza kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo cha serikali, hali aluminiamu ya kuundia ndege ilikuwa imebaki tele. Kwa hiyo Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alipobuni mwaka 1947 gari la shamba la kushika nafasi ya Jeep kuukuu ya kijeshi aliyokuwa nayo katika kisiwa cha Anglesey, alitengeneza fremu ya chuma akaivika mwili wa madini mchanganyiko ya aluminiamu yaitwayo Birmabright. Gari hilo lilidhihirishwa kwa watu Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa wazi juu, na aliyetaka kivuli aliuziwa turubai. Turubai lilivuja, lilipigapiga katika mwendo, na liliharibika upesi kwa jua. Lakini lilikuwa na fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba abiria aliyeona joto aliweza kulikunja.

Kipaa na ubavu wa bati vilipokuja kushika nafasi ya turubai, fadhila ile ikapotea, na aliyeipoteza hakuwa mhandisi. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha kodi ya ununuzi mwezi wa Oktoba 1940, na katika kodi hiyo gari la abiria lilitozwa kwa ukali, ilhali gari la mizigo lilihurumiwa. Nayo alama ambayo kwayo mtoza kodi alilitambua gari la abiria ilikuwa ni kioo cha ubavuni nyuma ya kiti cha dereva, pamoja na viti. Mkulima aliyenunua gari la mizigo lenye ubavu wa bati tupu alisalimika. Akilikata bati hilo baadaye ili atie kioo, alijitia mwenyewe katika deni la serikali. Rover walijaribu mapema, mwaka huohuo wa 1948, kuuza Landrova ya abiria yenye mwili mzuri uliofanyizwa na mafundi wa Tickford, na kwa kuwa ilitozwa kodi kama gari la anasa, haikupata wanunuzi wengi: hazikufika 700, na mwaka 1951 utengenezaji wake ukakoma.

Zilipofuata Landrova nyingine za abiria, zile za inchi 86 na 107, kisha za inchi 88 na 109 kwa kipimo cha baina ya ekseli mbili, zilikuwa na vioo vya kusukuma ubavuni mwa nyuma, vinavyoteleza katika mifereji iliyotandikwa kitambaa chenye manyoya. Na hapo pia sheria ilitia mkono, kwa maana Landrova ya inchi 109 yenye viti 12, iliyotoka mwaka 1962, ilihesabiwa kuwa ni basi, na basi halikutozwa kodi ile. Ndipo watu sita wakapangwa nyuma wakitazamana, magoti kwa magoti, si kwa kuwa nafasi iliwatosha, bali kwa kuwa hesabu ya viti ilimpunguzia mnunuzi bei.

Magari yaliyosafirishwa kuja kwetu hayakudaiwa kodi ya Uingereza, lakini yalitoka kiwandani katika maumbo yaleyale yaliyochongwa na kodi hiyo, na aliyenunua kwa bei nafuu alinunua bati pofu. Hapo ndipo jambo hili linaponigusa. Katika gari la namna hiyo, bwana aliketi mbele, penye madirisha mawili na vifuniko vya kuingizia upepo chini ya kioo kikubwa; na nyuma, juu ya benchi au juu ya magunia, waliketi askari, vibarua, mpishi na mgonjwa. Aliyelichora gari la mizigo aliifikiria mizigo, wala sina haki ya kumlaumu kwa hilo. Lakini katika nchi zetu mzigo mkubwa wa Landrova tangu mwanzo ulikuwa ni watu.

Nilipokuwa mtoto nilipanda gari kama hilo pamoja na mama yangu, aliyekuwa na homa, tukipelekwa mjini mwendo wa saa nne za barabara ya udongo mwekundu. Bati lilikuwa moto kiasi cha kutogusika. Dereva, kwa huruma yake, aliufunga mlango wa nyuma kwa kamba ili ukae wazi tupate hewa, na tusichokijua wote ni kwamba huruma ile ilikuwa na madhara. Kwa maana gari lenye kisogo cha mraba, likienda kasi, huacha nyuma yake pengo ambalo hewa hukimbilia kulijaza, na hewa hiyo huchukua vumbi la magurudumu na moshi wa ekzosi ikavirudisha ndani kupitia mlango uleule uliofunguliwa kwa ajili ya nafuu. Tulifika tukiwa wekundu toka utosini hadi kwenye nyayo, na mama akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha homa.

Dirisha la ubavuni hufanya kazi kinyume cha mlango huo, na fundi aliyesoma kwa mkono wake tu analijua hilo sawasawa na mwalimu wa fizikia. Upepo unaopita kwa kasi ubavuni mwa gari huivuta nje hewa ya ndani kupitia upenyo wa kioo kilichosukumwa kidogo; hewa mpya huingia mbele, hupita juu ya vichwa vya watu, hutoka nyuma, na chumba kizima hupumua. Ukifungua madirisha ya mbele peke yake, upepo huingia ukakuta ukuta. Kiwanda chenyewe kililitambua tatizo la joto, kikauza kwa nchi za jua kali paa la pili lililowekwa juu ya paa la kwanza na nafasi ya hewa baina yao, na dawa hiyo ilikuwa njema. Ila ilizuia jua lisiingie, haikulitoa joto lililokwisha kuingia.

Mambo mawili ya mwaka 1977 yaliipa kazi ya kutoboa madirisha soko ambalo haikuwa nalo. Mwezi wa Februari, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa katika kuvunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na watalii waliozoea kutoka Nairobi kwenda Serengeti na Ngorongoro kwa magari ya Nairobi wakakatiwa njia hadi mwaka 1983. Hivyo Arusha ikalazimika kuwa na magari yake na mafundi wake. Mwezi wa Mei Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mgeni aliyekuwa akija na bunduki akawa anakuja na kamera. Mwindaji hushuka garini. Mpiga picha haruhusiwi kushuka, naye akizuiwa na kioo kisichofunguka, chenye vumbi na mng'aro wa jua, amesafiri kilomita elfu kadhaa kuja kupiga picha ya kioo. Basi paa likafanywa la kuinuliwa, na ubavu wa nyuma ukafunguliwa, kwanza wa Landrova kisha wa Land Cruiser, na karakana ambazo awali zilitia dirisha kwa ajili ya mgonjwa au mwalimu zikawa zinatia kwa ajili ya mgeni.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Fundi bodi hupima kwanza kwa kipande cha boksi, akakizungusha ubavuni mpaka akajua nguzo za ndani zimesimama wapi, kwa kuwa bati la ubavu ni ngozi tu na nguzo ndizo mifupa, na atakayekata nguzo kwa tamaa ya dirisha kubwa ameliuza paa. Kisha hutoboa kwa keekee pembe nne za mchoro, na kutoka tundu hadi tundu hupita na msumeno mwembamba, kwani aluminiamu ni laini na mashine yenye kasi huikunja. Pembe huziacha mviringo, na katika jambo hili hakuna mjadala. Ndege za Comet, ambazo tangu mwezi wa Mei 1952 zilikuwa zikipita Entebbe katika safari ya London hadi Johannesburg, mbili kati yake zilipasuka angani mwaka 1954, na wachunguzi wakabaini kwamba nyufa zilianzia katika pembe za matundu ya mwili, mahali ambapo nguvu zote za bati hukusanyika. Gari halipandi angani, lakini barabara ya makorongo huitikisa pembe kali mwaka mzima, na ufa utakuja.

Kioo nacho kina hila yake. Kile kigumu cha magari, ambacho kikivunjika humwagika vipande vidogo mithili ya chumvi ya mawe, hutiwa moto kiwandani na kupozwa ghafla, na baada ya hapo hakikatiki tena: ukikitia kisu cha almasi, kinasambaratika chote mikononi. Kwa sababu hiyo fundi hatengenezi kioo cha kufuata tundu, hutengeneza tundu la kufuata kioo. Hutafuta dirisha zima la kusukuma, pamoja na fremu yake na mpira wake, kutoka katika Hiace iliyokwisha kazi, ndipo anapochora. Fremu hushikwa kwa ribiti na gundi ya silikoni, na chini ya mfereji hutobolewa vitundu viwili vya kutolea maji, ambavyo fundi mwanagenzi huvisahau na mvua ya kwanza ya masika humkumbusha.

Kazi hii ingalipo. Magari ya Kijapani yaliyotumika, ambayo yameingia kwa wingi tangu biashara ilipofunguliwa, mengi yana vioo vya nyuma vilivyogandishwa kwa gundi, kwa kuwa yalikusudiwa kupozwa kwa mashine. Na yale ya kale yalipozwa kwa gesi ya R-12, ambayo mataifa yaliafikiana katika Mkataba wa Montreal wa 1987 kuiondoa kwa sababu inaiharibu tabaka ya ozoni. Gesi ikitoka hairudi kwa urahisi, na mwenye gari hujikuta amefungiwa katika chumba cha kioo. Humwendea fundi yuleyule; ila mwili sasa ni wa chuma, na ukingo uliokatwa usipopakwa rangi ya kuzuia kutu siku ileile, dirisha hilo litaoza kabla ya gari.

Landrova ya mwisho ya umbo lile la kale ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, na vitabu vyake huonyesha kila msumari na mwaka ulioingizwa. Dirisha lililokatwa kwetu halimo katika vitabu hivyo. Kwa hiyo ninakuomba, ewe mwenye gari kuukuu, siku utakapompelekea fundi ubavu wa gari lako, kabla bitana haijarudishwa, mwambie achukue msumari wa chuma akwangue nyuma ya bati jina lake, jina la mtaa wake na tarehe.