Philip W. Anderson

Philip Warren Anderson (13 Desemba 1923 – 29 Machi 2020) alikuwa mwanafizikia wa nadharia wa Marekani aliyebadilisha uelewa wa mwenendo wa elektroni ndani ya yabisi. Alizaliwa Indianapolis, akasoma Harvard chini ya John Van Vleck, kisha akafanya kazi katika maabara za Bell kuanzia 1949 hadi 1984.

Huko ndiko ilikochipuka kazi yake kubwa kuliko zote. Mwenzake, George Feher, alikuwa akipima silikoni iliyotiwa atomu chache za fosforasi, na elektroni zikaonekana kung'ang'ania pale pale zilipo. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba uchafu ndani ya fuwele huichelewesha elektroni tu: itagongwa huku na kule, lakini mwishowe itapenya. Mwaka 1958 Anderson alionyesha kwa hesabu kwamba mpangilio wa atomu ukivurugika kupita kiwango fulani, elektroni hukwama kabisa. Elektroni ni wimbi pia. Vipande vya wimbi hilo vinavyorudishwa na atomu zilizokaa ovyo huingiliana, na wimbi zima hubaki limefungiwa mahali padogo. Kitu ambacho kingepitisha umeme hugeuka kihami.

Ni ugunduzi wa kina ajabu, ingawa kwa miaka mingi wachache tu waliuzingatia.

Mwaka 1977 Anderson alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Nevill Mott na mwalimu wake, Van Vleck. Ukwamaji huo umeonekana baadaye hata katika mawimbi ya sauti, na mwaka 2008 katika atomu zilizopozwa mno.