Mdosi Alikuambia "Ni Corona, Sheria Imebadilika"? Cheki Rada Hapa

Kama ulikuwa umeandikwa mahali 2020, unakumbuka vile mambo yalienda. Kisa cha kwanza cha corona Kenya kilitangazwa Machi 13, kafyu ikaanza Machi 27, na wasee wengi wakaanza kupata meseji za WhatsApp: "Mwezi huu ni nusu mshahara" ama "Kaa home hadi tukuite." Ukiuliza, unaambiwa ni corona, sheria imebadilika.

Manze, hapo wengi walichezwa. Sheria ya Ajira ya 2007 haikuguswa na corona. Zenye zilibadilika ni za ushuru na za afya. Na usidhani hii ni stori ya zamani, juu biashara ikiyumba tena utaskia maneno yaleyale. So jua mapema.

Chenye kilibadilika

Ushuru. Aprili 25, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alisaini mabadiliko ya sheria za ushuru. Kiwango cha juu cha PAYE kikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Afueni ya kila mwezi nayo ikapanda kutoka 1,408 hadi 2,400, so mtu wa mshahara wa hadi 24,000 hakufaa kukatwa PAYE hata shilingi. Mdosi alifaa kubadilisha hesabu kwa payslip yako, juu hiyo doh ni yako, si yake. Januari 2021 ile asilimia 30 ikarudi, lakini afueni ikabaki 2,400.

Afya. Kanuni mpya za corona zilitaka kila biashara iweke maji na sabuni ama sanitaiza, na watu wakae umbali wa mita 1. Kuvunja hizo kanuni ilikuwa faini ya hadi 20,000, jela hadi miezi 6, ama zote mbili. Lakini kukupatia vifaa vya kujikinga kazini haikuwa kitu mpya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini iko tangu 2007.

Chenye hakikubadilika

Kukatwa mshahara. Kifungu cha 10 kinasema mdosi akitaka kubadilisha masharti ya kazi yako, lazima mshauriane, halafu akuandikie. Kuambiwa si kushauriana. Ukipewa karatasi ya kusaini, soma kwanza. Uliza ni pesa ngapi inakatwa, hadi lini, na kama utarudishiwa baadaye. Ukisaini bila kuuliza, umekubali.

Likizo bila malipo. Hii ndio ilichoma wengi. Sheria ya Ajira inakupa likizo ya mwaka, siku 21 za kazi ukilipwa, baada ya kila miezi 12. Ukigonjeka, na uwe umefanya kazi miezi 2 mfululizo, unapata angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara, bora uwe na barua ya daktari. Likizo bila malipo haiko kwa hiyo orodha. Inawezekana tu mkikubaliana nyinyi wawili.

Kupunguzwa kazini. Tuseme ukweli, kuna wadosi walikuwa wameisha kabisa. Hoteli zilifungwa, baa zikafungwa, hakuna doh inaingia. Sheria haimlazimishi mtu kuweka wafanyakazi hawezi kulipa. Lakini kifungu cha 40 kinampa njia ya kufuata:

- Akuandikie mwezi 1 kabla, na aambie pia afisa wa leba. Kama uko kwa chama cha wafanyakazi, anaandikia chama.
- Achague wa kuenda kwa haki: muda umekaa kazini, ujuzi, uwezo na vile unategemewa. Si kwa kuangalia sura.
- Akulipe siku za likizo hujachukua.
- Akupe notisi ya mwezi 1 ama mshahara wa mwezi 1.
- Akulipe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka mzima umefanya.

Hesabu iko hivi. Unalipwa 30,000 na umefanya miaka 4. Ukigawa mshahara kwa siku 30, siku moja ni 1,000. Siku 15 mara miaka 4 ni siku 60, so ni 60,000. Ongeza 30,000 ya notisi ka hukupewa, inafika 90,000, bado likizo.

Na ule mswada wa Sakaja? Seneti ililetewa mswada wa kushughulikia majanga, na ndani yake kulikuwa na kipengele cha kuzuia wadosi kufuta watu ama kuwalazimisha kukatwa mshahara wakati wa janga. Haukuwahi kuwa sheria. Mtu akikutajia hiyo kama kinga yako, mwambie haiko.

Uko kibarua? Usijitoe. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi mfululizo siku zenye zinafika mwezi mzima, si kibarua tena. Unahesabiwa kama mtu wa kulipwa kwa mwezi, na unafaa kupewa notisi.

Ufanye nini ikikupata

Weka kila kitu: meseji, barua, payslip, rekodi za M-Pesa. Mwandikie mdosi uulize, hata kwa WhatsApp, juu jibu lake ni ushahidi. Akinyamaza, enda ofisi ya leba iliyo karibu na wewe. Ikikataa hapo, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na ikiona ulifutwa bila haki inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Lakini usilale. Una miaka 3 tu kutoka siku ulikosewa. Mwenye alifutwa vibaya 2020 na akanyamaza, saa hii amechelewa. Kama yako ilifanyika juzi, anza kutafuta hizo meseji leo kabla ubadilishe simu.