Iskemia ya utumbo na protini za kusafirisha dawa
Iskemia ya utumbo ni upungufu wa damu katika kuta za utumbo, unaotokana kwa mfano na ateri kuzibwa na bonge la damu au utumbo kujisokota. Madhara huja kwa awamu mbili: kwanza seli hukosa oksijeni na akiba yake ya nishati (ATP) huisha, kisha damu inaporejea, huzuka kemikali kali za oksijeni zinazoharibu utando wa ndani wa utumbo. Ncha za vijidole vya utando huumia mapema zaidi.

Utando huo pia una protini za kusafirisha dawa, ambazo iskemia inaweza kuziathiri. Mojawapo, glikoprotini-P, iliyoelezwa na watafiti Juliano na Ling mwaka 1976, hutumia ATP kusukuma dawa kama digoksini na takrolimasi zirudi ndani ya utumbo. Ikidhoofika, dawa hizo zinaweza kuingia kwenye damu kupita kiasi. Protini nyingine, PEPT1, hufanya kinyume: hupokea dawa kama sefaleksini na kuziingiza mwilini, hivyo ikiharibika ufyonzaji hupungua. Kwa kuwa kiasi cha digoksini au takrolimasi kinachotibu hukaribiana na kinachodhuru, daktari hupima kiwango chake katika damu na kurekebisha dozi.