Buti la Baridi Kali

Novemba 1950, karibu na bwawa la Chosin, Korea, halijoto ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Mabuti ya wanajeshi wa Marekani yalizuia maji ya nje, lakini jasho la mwendo liliganda ndani mara waliposimama. Wengi waliumizwa vibaya na barafu miguuni.

Mabuti ya aina mpya, ya kuhimili baridi kali, yalianza kutolewa vita vya Korea vikiendelea. Sufu imefungiwa katikati ya tabaka mbili za mpira, haifikiwi na theluji wala jasho. Hata soksi zilipolowa jasho, mguu ulibaki na joto. Vali ndogo ubavuni, iliyoongezwa baadaye, hufunguliwa ndani ya ndege ili hewa iliyonaswa isipasue mpira.

Kasoro kubwa ni uzito: mwendo mrefu ulichosha sana.