Elimu ya viungo Uingereza: Kwa nini kucheza vizuri hakutoshi kupata cheti?

Kila mwaka, wanafunzi wenye umri wa miaka 13 na 14 katika shule za sekondari za England hurudi nyumbani na fomu ya kuchagua masomo. Kiingereza, hisabati na sayansi ni lazima. Mengine huchaguliwa, na miongoni mwake limo somo la elimu ya viungo. Mtoto anayependa mpira huliwekea alama papo hapo, na mzazi hutia saini akiamini kwamba hapo angalau pana somo moja ambalo mwanawe atalifaulu bila jasho la darasani.

Miezi michache baadaye mtoto huyohuyo hujikuta mbele ya daftari lililojaa majina ya mifupa, vyumba vya moyo na aina za misuli. Hapo ndipo wengi hutambua kwamba kuwa mchezaji hodari ni jambo moja, na kufaulu mtihani wa elimu ya viungo ni jambo jingine.

Makala haya yanaeleza jinsi somo hilo linavyofundishwa na kutahiniwa England, vyeti vinavyopatikana, na yale ambayo familia inapaswa kuyajua kabla ya kuchagua. Scotland ina mfumo wake wa mitihani, na Wales ina mtaala wake, kwa hiyo yanayoelezwa hapa yasichukuliwe kuwa ndiyo hali ya Uingereza nzima.

Masomo mawili, jina moja

Jambo la kwanza linalowachanganya wazazi ni kwamba shule huwa na elimu ya viungo ya aina mbili.

Ya kwanza ni ya wote. Mtaala wa taifa unataka kila mwanafunzi wa miaka 5 hadi 16 afanye mazoezi ya viungo shuleni. Hiki ni kipindi cha kucheza, kukimbia, kujifunza michezo mipya na kujenga afya. Hakina mtihani wala cheti. Serikali imekuwa ikihimiza saa mbili kwa juma, lakini sheria haikuweka idadi ya saa, na ndiyo maana shule hutofautiana.

Ya pili ni somo la kuchagua, ambalo mwisho wake ni mtihani wa GCSE. Husomwa kwa kawaida kwa miaka miwili, kati ya umri wa miaka 14 na 16, na matokeo yake hutolewa kwa tarakimu: 9 ni daraja la juu kabisa na 1 ndilo la chini. Daraja la 4 huhesabiwa kuwa ufaulu wa kawaida, na 5 ufaulu imara. Mwanafunzi anayechukua somo hili huendelea pia na kile kipindi cha wote.

Alama zinagawanywaje?

Mfumo unaotumika sasa ulianza kufundishwa mwaka 2016, na wanafunzi wa kwanza waliufanyia mtihani mwaka 2018. Bodi za mitihani ni kadhaa, zikiwemo AQA, OCR, Pearson Edexcel na Eduqas, na kila moja ina karatasi zake. Hata hivyo, mgawanyo mkuu wa alama ni uleule kwa wote.

Asilimia 60 ya alama hutoka kwenye mtihani wa kuandika. Asilimia 30 hutokana na vitendo, yaani kucheza katika michezo mitatu, kila mmoja ukibeba asilimia 10. Asilimia 10 zilizobaki ni za uchambuzi: mwanafunzi huchunguza uchezaji, hueleza nguvu na udhaifu wake, na kupendekeza mpango wa kuuboresha.

Hesabu hiyo inafaa itazamwe kwa utulivu. Kijana aliye nyota wa soka shuleni, hata akipewa alama zote za mchezo huo, atakuwa amejipatia alama 10 kati ya 100. Bado atahitaji michezo mingine miwili, uchambuzi, na karatasi ya maswali yenye uzito mara sita ya kipaji chake cha soka.

Zaidi ya hayo, kufunga mabao si kigezo cha kutolea alama. Katika mtihani wa AQA, kwa mfano, kila mchezo una alama 25. Alama 10 ni za stadi zinazoonyeshwa katika mazoezi maalum, kama vile kutoa pasi, kumiliki mpira na kupiga chenga. Alama 15 ni za mchezo wenyewe, ambapo anayetathmini huangalia maamuzi ya mchezaji, nafasi anazochukua na jinsi anavyofuata mbinu za timu. Mwalimu ndiye anayetoa alama hizo, kisha bodi huzihakiki ili shule moja isiwe mkarimu na nyingine bahili.

Darasani wanasoma nini?

Sehemu ya nadharia inakaribiana sana na biolojia. Wanafunzi hujifunza mifupa na viungo vinavyoiunganisha, jinsi misuli inavyofanya kazi kwa jozi, njia ya damu ndani ya moyo, na tofauti ya mazoezi yanayotumia oksijeni na yale ya nguvu za ghafla. Fizikia nayo imo: kiwiko cha mkono kinapotupa mpira hufanya kazi kama wenzo, na mwanafunzi hutakiwa kuonyesha egemeo, mzigo na nguvu viko wapi.

Kuna kanuni za mazoezi pia. Mwanafunzi hujifunza kwa nini mwili huhitaji kuongezewa mzigo kidogo kidogo, kwa nini mapumziko ni sehemu ya mafunzo, na jinsi ya kupima ustahimilivu, kasi au unyumbufu wa mwili.

Nusu nyingine inahusu jamii na akili. Hapo kuna saikolojia ya mchezaji, namna ya kuweka malengo, lishe na afya, udhamini wa makampuni, vyombo vya habari, dawa za kuongeza nguvu zilizopigwa marufuku, vurugu za mashabiki, na sababu zinazowafanya wanawake, wazee au watu wenye ulemavu washiriki michezo kwa kiwango kidogo. Wanafunzi husoma pia takwimu na grafu na kuzitafsiri.

Maswali mengine hujibiwa kwa neno moja, mengine hutaka maelezo marefu yenye hoja. Tofauti na hisabati, karatasi hazina kiwango cha chini na cha juu: wanafunzi wote hufanya mtihani uleule. Kwa familia zilizohamia England karibuni, hili ni la kuzingatia. Mtoto aliyewasili kutoka Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuwashinda wenzake wote uwanjani, lakini alama nyingi ziko kwenye karatasi ya Kiingereza yenye istilahi za kisayansi. Msaada wa lugha huhitajika hapa kama unavyohitajika katika historia.

Michezo gani inahesabiwa?

Si kila mchezo unakubaliwa. Wizara ya elimu hutoa orodha, na mwanafunzi huchagua mitatu kutoka humo: angalau mmoja wa timu, angalau mmoja wa mtu binafsi, na wa tatu kutoka upande wowote. Soka, mpira wa pete, mpira wa kikapu, voliboli na magongo ni miongoni mwa michezo ya timu. Riadha, kuogelea, ndondi na mpira wa meza ni baadhi ya michezo ya mtu binafsi. Mchezo unaoweza kuchezwa kwa namna zote mbili, kama tenisi, hauhesabiwi mara mbili. Imo pia michezo maalum kwa wanafunzi wenye ulemavu, kama vile boccia na goalball.

Hapa ndipo swali la usawa linapojitokeza. Orodha hiyo ina kupanda farasi, kuteleza kwenye theluji na kuendesha mashua za matanga. Mwanafunzi anaweza kutathminiwa kwa mchezo anaoufanya nje ya shule, mradi kuwe na ushahidi wa video. Mtoto ambaye wazazi wake wanamudu mafunzo ya farasi ana mlango wa ziada. Anayecheza mpira tu kwenye uwanja wa mtaa hutegemea zaidi kile ambacho shule yake inacho: bwawa la kuogelea, uwanja wa riadha, au mwalimu wa kumfundisha mchezo wa pili na wa tatu.

Kwa wengi, mchezo wa mtu binafsi ndio unaokwamisha. Riadha mara nyingi huwa jawabu, kwa sababu haihitaji vifaa vingi, lakini nayo hutaka maandalizi ya miaka miwili, si ya wiki mbili kabla ya tathmini.

Njia ya pili: vyeti vya kitaaluma

Shule nyingi hutoa pia vyeti vya michezo vyenye mwelekeo wa kazi, kama BTEC ya Pearson au Cambridge Nationals ya OCR. Vyeti hivi vina ukubwa unaokaribia GCSE moja, lakini hupimwa kwa namna tofauti. Sehemu kubwa ni kazi zinazofanywa shuleni kwa muda: kupanga kipindi cha mazoezi, kuongoza wenzako uwanjani, kuandaa ripoti. Katika Cambridge Nationals ya masomo ya michezo, mtihani una asilimia 40 na kazi za shuleni asilimia 60. Madaraja huandikwa kwa maneno badala ya tarakimu.

Njia hii huwafaa wanaofanya vizuri kidogo kidogo kuliko wanaofaulu kwa mtihani mmoja wa mwisho. Hata hivyo, si njia ya mkato. Anayechelewesha kazi zake hupoteza alama zilezile ambazo njia hii ilikusudiwa kumpa.

Baada ya miaka 16

Wanaoendelea wanaweza kuchukua elimu ya viungo katika ngazi ya A-Level kwa miaka miwili mingine. Huko nadharia hupanda hadi asilimia 70. Vitendo na uchambuzi hugawana asilimia 30, na mwanafunzi hupimwa katika mchezo mmoja tu, akiwa mchezaji au kocha.

Wengine huchukua BTEC ya ngazi ya tatu, ambayo vyuo vikuu vingi hukubali kwa shahada za sayansi ya michezo au ukocha. Kwa tiba ya viungo, baadhi ya vyuo hukubali A-Level ya elimu ya viungo mahali pa biolojia, lakini vingine havikubali. Ni vyema kusoma masharti ya chuo kinachokusudiwa mapema, badala ya kuyagundua wakati maombi yameshatumwa.

Afrika Mashariki je?

Shule za kimataifa za Nairobi, Kampala au Dar es Salaam zinazofuata mitihani ya Cambridge zinaweza kutoa IGCSE ya elimu ya viungo. Hiyo huvipa vitendo uzito zaidi, nusu ya alama, lakini humtaka mwanafunzi aonyeshe uwezo katika michezo minne.

Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, elimu ya viungo ilikuwa kwenye ratiba lakini haikutahiniwa katika KCSE, na katika shule nyingi kipindi chake kilimezwa na masomo yenye mtihani. Mtaala mpya umebadili hali hiyo. Wanafunzi wa kwanza wa sekondari ya juu walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 walichagua kati ya njia tatu, na mojawapo ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Nchini Tanzania, kuchaguliwa kwenye mashindano ya UMISSETA ni heshima kubwa kwa mwanafunzi, lakini nafasi kwenye timu ya mkoa haiwi alama kwenye cheti cha kidato cha nne.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Mzazi aliyeko England anaweza kuiuliza shule mambo manne. Je, wanachofundisha ni GCSE au cheti cha kitaaluma? Wanatumia bodi ipi ya mitihani? Mtoto wangu ana michezo mitatu inayokubalika, au ana mmoja tu? Na katika sayansi anafanya vipi?

Swali la mwisho huwashangaza wengi, lakini mara nyingi ndilo lenye jibu. Mtoto anayependa kujua kwa nini mapigo ya moyo hupanda anapokimbia atalifurahia somo hili, hata kama si mfungaji bora wa timu. Yule anayetaka mpira peke yake ana klabu, ana timu ya shule, na ana kile kipindi cha wote ambacho hakimdai mtihani wowote.