Homa ya Ini B Inayojificha kwa Wanaosafishwa Damu

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya neno ninalolisikia mara kwa mara kwa familia zenye mgonjwa wa figo hapa Pwani: "Alipimwa homa ya ini, hana." Aghalabu ni kweli. Lakini si kila mara.

Kipimo cha kawaida cha homa ya ini aina ya B hutafuta kipande cha ganda la nje la virusi, kiitwacho HBsAg. Kisipoonekana kwenye damu, jibu huwa "hana". Ila wapo watu ambao ganda hilo halionekani, ilhali virusi vimebaki ndani ya ini, na DNA yake katika damu ni kidogo mno. Hayo ndiyo maambukizi yaliyojificha. Macho si ya manjano, maumivu hakuna.

Kwa nini namtaja mgonjwa wa figo? Figo zikifeli, kinga ya mwili nayo hudhoofika. Tena damu yake hupitishwa kwenye mashine mara mbili au tatu kwa wiki, chumba kimoja na wenzake. Virusi hivi huweza kudumu siku 7 juu ya kiti au meza yenye tone la damu lililokauka. Mwaka 1969 na 1970, homa ya ini iliingia katika kitengo cha kusafisha damu mjini Edinburgh, Uskochi, ikaua wagonjwa na wahudumu. Hata anayepandikizwa figo hayuko salama: dawa za kuufanya mwili uikubali figo mpya hushusha kinga, na virusi vilivyolala huweza kuamka.

Mimi si daktari, lakini nawashauri ndugu zangu waulize mambo matatu.

Kwanza, je, kipimo cha anti-HBc kimefanywa? Hiki huonyesha kama mwili uliwahi kukutana na virusi. Ikiwa ndivyo, daktari huweza kuagiza kipimo cha DNA.

Pili, chanjo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001, kwa hivyo watu wazima wengi hawakuipata. Mgonjwa wa mashine huhitaji dozi kubwa kuliko ya mtu mzima wa kawaida, kisha kinga yake ipimwe kila mwaka. Ikishuka chini ya 10, huongezewa.

Tatu, je, muuguzi hubadilisha glavu kila anapohamia mgonjwa mwingine, na kiti na mashine hupanguswa kwa dawa? Kwa kuwa virusi hujificha, kila mgonjwa ahudumiwe kama anavyo.

Kuuliza si kumdharau daktari. Wala tusimtenge mgonjwa wetu: kula naye sinia moja na kupeana mikono hakuambukizi ugonjwa huu.